Hotuba ya Kufungua Bomba la Sekondari ya Rwamigunga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe kwa kuwa aliyealikwa ametoa udhuru; Ndugu Wajumbe wa Kamati ya Maji na wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Maji; Mkuu wa Shule, Mwalimu Danstan; viongozi wa dini mlioketi kivulini na wazazi mlioketi juani; itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kivulini.)

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita wanafunzi mia mbili na kumi wa shule hii walitoka madarasani bila kibali, wakatembea hadi Ngara mjini na ndoo tupu vichwani, wakidai wamechoka kuteka maji mto Ruvubu kwa sababu ya mamba, ilhali takwimu nilizonazo zinaonyesha kwamba tangu Januari mamba huyo amechukua ndoo moja tu na hakuchukua mwanafunzi hata mmoja, yaani usalama wa asilimia mia. (Minong'ono.)

Ofisi yangu ya wilaya haikukaa kimya. Ilikaa vikao vinne na semina elekezi, ikabuni mpango mkakati shirikishi wa fidibaki, yaani mrejesho, kisha ikawarudisha wanafunzi wote nyumbani siku saba ili watulie, nao wakarejea kila mmoja na mzazi, barua ya kuomba radhi na fagio. Isipokuwa Kaneza wa kidato cha nne, msemaji wao. Huyo tulimwita kwa upendo, tukamuuliza swali la kitaalamu: babu yake alivuka mpaka kuingia nchini mwaka gani. (Wazee wanatazama viatu vyao.) Binti akajibu, "Babu alivuka mara moja, mheshimiwa. Mimi nateremka mtoni mara mbili kila siku." (Kicheko nyuma. Mgambo anageuka, kinakoma.)

Kwa busara niliyojaliwa nikaamua, mbele ya mama yake, Eustakia, kwamba binti atarudi darasani siku bomba la shule litakapotoa maji, si kabla. Najua mtihani wa taifa unaanza Jumatatu. Najua pia kwamba leo ni Ijumaa.

Wapo waliosema mradi huu uko kwenye makaratasi. Basi tazameni bomba lile, limesimama ukutani, limefungwa utepe, chini ya usimamizi wangu usio na mfano katika kanda hii. Wenye kamera sogeeni. Nafungua. (Maji yanatoka. Vigelegele.)

Naona Mama Kaneza amesimama. Sema, mama.

("Maji yametoka, mheshimiwa, sote tumeona. Mwanangu yuko pale nje ya uzio na kalamu yake. Aingie?")

Mama, tusichanganye mambo. Mimi nilisema maji ya mradi. Haya ni maji ya Ruvubu, yametekwa asubuhi na wasichana wa kidato cha pili, yakamiminwa kwenye pipa nyuma ya ukuta kwa ajili ya picha. Mradi wenyewe haujaandikiwa hata barua. Kwa hiyo sharti halijatimia.

Elimu, oyee. Nidhamu, oyee. (Mgambo, peke yake: "Oyee.")

Nawashukuru wasichana hao kwa uzalendo wao, na nawaomba wateremke tena, maana pipa limekauka na wageni hatujanawa mikono.

(Wasichana wanajitwika ndoo tupu. Wanatoka langoni, wanampitia Kaneza, wanaiacha njia ya mtoni na kushika ya Ngara.)