Hatua Mbele pale kwa Akoth

Zeddy alifika kijiweni mbio, simu juu kama mtu anayetafuta netiweki. Pale kwa Akoth, mama wa chai wa mtaa wa Rhonda, Zeddy anaitwa Breaking, kwa sababu habari haijawahi kumfikia ikalala.

"Wasee, lami aliyoahidi mheshimiwa imefika!"

"Imefika wapi?" akauliza Njuguna, bila kuinuka kwenye benchi.

"Kwake! Imetoka highway, ikapita soko, ikakata kona, ikaingia kwa gate yake. Ikaishia hapo!"

"Wacha uongo."

"Cheki picha. Huku lami, huku matope. Hata hii ng'ombe imesimama katikati, haijui ifuate gani."

Njuguna akaisoma ile picha, kisha akasimama. Ni mtu wa bodaboda, lakini wanamwita Senator, maana hawezi kuzungumzia serikali akiwa ameketi, na hakuna aliyempigia kura. "Hii nchi inaliwa!" akatangaza. "Kodi yangu ndio imelala kwa gate ya mtu!"

"Kodi gani umewahi lipa wewe?" Huyo ni Kiptum, fundi wa viatu. Wao humwita Dokta, kwa vile kiatu chako hakiondoki mikononi mwake bila kuandikiwa dawa na kupangiwa siku ya kurudi.

"Sukari nikinunua si nalipa?"

"Sukari unakunywa ya mathe Akoth!"

Wakacheka, Akoth naye akacheka huku akifuta meza, na hapo ndipo Jerop, mwezeshaji wa kundi la vijana, alipotokea na kitabu chake cha mafunzo kwapani. Alikuwa amesikia kelele tangu kona ya kinyozi, na moyo ulimruka kwa furaha. Watu wanabishana kuhusu haki, bila kulazimishwa! Kitu hicho alikuwa amekitafuta Jumamosi mbili mfululizo kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya vijana thelathini, na hakukipata. Jumamosi ya kwanza walilala. Ya pili waliamka chapati zilipoletwa, zikaisha, wakaenda.

Ugonjwa wake ulijulikana. Jerop huuliza swali, na kabla mtu hajameza mate, hulijibu mwenyewe, tena kwa robo saa. Mama wa ofisi inayowafundisha wawezeshaji alimwambia wazi: "Jerop, ukiuliza, nyamaza." Jumamosi hii mama huyo angekuja kuketi nyuma na kutazama. Mambo yakilala tena, kundi lingepewa kijana mmoja wa mtaa wa Free Area mwenye spika na michezo mingi. Jerop alilipenda kundi lile, na wivu ulimchoma kila alipoifikiria ile spika.

"Sasa wazee," akasema. "Nisaidieni dakika kumi tu. Nataka kujaribu mchezo wa Jumamosi."

"Kuna soda?" Dokta akauliza.

"Hakuna."

"Haya, harakisha basi."

Akawapanga mstari mmoja kando ya barabara, Senator, Dokta na Breaking, bega kwa bega. "Nitasoma sentensi. Kama ni ukweli kwako, unapiga hatua moja mbele. Kama si ukweli, unabaki. Mwisho tutaangalia nani yuko wapi, tuongee kwa nini. Sawa?"

"Wa mbele ndio anashinda?" Senator akauliza.

"Hakuna kushinda."

"Sawa, tumeelewa," akajibu Senator, akikunja mikono ya shati kama mtu wa mashindano.

"Kama kwenu kulikuwa na vitabu zaidi ya kumi ukiwa mtoto, piga hatua mbele."

"Biblia inahesabiwa moja ama sitini na sita?"

"Moja, Senator."

"Hapana, madam. Mwanzo ni kitabu, Kutoka ni kitabu. Na kwetu tulikuwa na Biblia mbili." Akaruka mbele hatua mbili.

"Kama hujawahi kulala njaa, piga hatua mbele."

Dokta akarudi nyuma.

"Dokta, hakuna kurudi nyuma. Unasimama tu hapo."

"Mimi narudi. Nyinyi watu wa miradi nawajua. Mwenye yuko nyuma ndio anaandikwa. Ile mwaka ya mbolea nilivaa koti safi nikasema niko sawa. Majirani wakapewa mbolea, mimi nikapewa pole."

Breaking akageuza shingo. "Kuna kuandikwa?" Naye huyo, akarudi nyuma mpaka akampita Dokta.

"Hakuna kuandikwa! Huu ni mchezo tu!" Jerop alipaza sauti, lakini Senator tayari alikuwa ameacha utajiri wa vitabu vyake na kuanza kurudi kinyumenyume, akitangaza kwamba hata zile Biblia zilikuwa za kuazima. Hakuacha mpaka kisigino kikateleza, akaketi ndani ya mtaro.

"Niandike hapa hapa!" akapiga kelele akiwa humo. "Nani yuko chini kuliko mimi?"

Watu wa bodaboda ng'ambo ya barabara walicheka wakashika matumbo. Jerop hakucheka. Alifunga kitabu taratibu, akaona Jumamosi yake imelala mtaroni na Senator.

"Na mimi naeza uliza moja?" Ilikuwa sauti ya Akoth, amesimama kando ya jiko, kitambaa begani.

"Uliza, mathe," Breaking akasema. "Uko na freedom."

Wakajipanga upya, Senator akijikung'uta matope.

"Mwenye amewahi osha kikombe yake hapa, aende mbele."

Hakuna aliyesogea.

"Mwenye amewahi nisaidia kubeba mtungi ya maji."

Dokta aliinua mguu, akaufikiria, akaurudisha.

"Na mwenye hajawahi kalia hii benchi tangu iwekwe hapa." Akoth akapiga hatua yeye mwenyewe, akawa mbele yao wote.

Jerop alifungua mdomo aeleze maana ya jambo lile kwa vipengele vitatu, akakumbuka onyo la mama wa ofisi. Akaingiza kalamu mdomoni, akaiuma.

"Lakini mathe," Senator akaanza, "hii ni biashara yako. Mwenye hoteli hakai."

"Nani alikuambia? Hii benchi ni mbao ya kitanda yangu. Nililala chini mwezi mzima ndio nyinyi mkae."

"Hiyo sikujua," Dokta akasema polepole.

"Ulishawahi uliza? Miaka tatu uko hapo mwisho, umeegemea."

"Basi tusikimbie," Senator akainua mkono. "Tuunde kamati ya benchi. Tuchukue maoni, halafu ripoti mwaka ujao..."

"Oya!" Breaking akamrukia. "Unaongea kama yule wa lami!"

"Mimi si wa lami!"

"Lami imeishia kwa gate yake, benchi imeishia kwa matako yako! Tofauti ni gani?"

"Tofauti ni mimi sina gate!"

"Na nani anachota maji, wewe ukiunda kamati?" Dokta naye akaingia, mkono kiunoni. "Mbona hatukukaa kwa zamu? Mbona hatukuona?"

Walizozana mpaka vijana wa kinyozi wakaja kusikiliza, kisha wakaingilia, mmoja akaanza kusimulia jinsi mama yake hula mwisho kila siku. Jerop alihesabu dakika kumi na nane bila kusema neno. Kalamu ilikuwa imetafunika yote. Alikuwa na furaha tele, hata machozi yalikaribia.

Mwishowe Akoth hakungoja ripoti. Aliwapita wote, akaketi kwenye benchi katikati, akanyoosha miguu, akatazama mbele kwa muda.

"Kumbe hapa unaona barabara yote," akasema.

Kisha akasema, "Chai."

Senator akamimina. Akoth akaonja, akamtazama. "Hii ni chai ama ni ya kuosha miguu? Rudisha kwa moto." Dokta alishachukua mtungi, akaenda nao kwenye bomba akilalamikia mgongo. Breaking, mikono ndani ya karai, alitangaza kwa sauti kila kikombe kilichotakata, moja kwa moja kutoka eneo la tukio.

Jerop akafungua kitabu chake, akakata maswali yote ya ukurasa ule, akaandika matatu ya Akoth. Jumamosi mama wa ofisi na aje, na yule wa Free Area na abaki na spika yake. Akakitia kitabu kwapani na kuanza kuondoka, akitembea kwa madaha.

"Madam wa haki!"

Akageuka. Akoth hakuwa ameinuka. Alikuwa akionyesha kwa kidole mwisho wa meza, ambapo kikombe cha Jerop cha chai ya asubuhi kilikuwa bado kimekaa, na utando juu.

"Jumamosi utafika tu," Akoth akasema. "Kwanza panga laini nyuma ya Breaking, hapo kwa karai."