Jicho la Fundi wa Mapazia

Jumatatu, 3 Agosti

Likizo imeanza, kambi ya roboti imeanza, na mimi nimeanza vizuri kabisa. Nimeteuliwa msimamizi wa kundi la binti yangu. "Nimeteuliwa" ni neno la heshima. Nilinyoosha mkono kabla Mwalimu wa Kambi hajamaliza kuuliza, kwa sababu nilimwona Daktari wa Meno anaanza kunyoosha wake.

Daktari naye kapewa kundi la mwanawe. Huyu ndiye aliyesema, mbele ya wagonjwa walioshika mashavu, kwamba mapazia niliyomshonea ni mafupi kwa upana wa kidole. Sakafu yake imebonyea. Nimeshamwambia hivyo.

Kazi ya makundi yetu mawili ni hii: kuunda roboti itakayofuata mstari mweusi uliobandikwa sakafuni, imebeba kikombe cha maji, mpaka kwenye meza ya waamuzi. Fainali ni Jumamosi, ukumbini, mbele ya wazazi. Roboti ya washindi wanakwenda nayo nyumbani. Ya walioshindwa inafunguliwa skrubu zote na kurudi kwenye boksi. Sharti ni moja tu. Mkono wa mtu mzima ukigusa roboti, kundi limetoka.

Binti yangu anaitaka roboti hiyo kuliko kitu chochote. Mama mkwe tunaishi naye. Magoti yamemgomea, na miwani yake siku zote iko mezani wakati yeye yuko kitini. Mjukuu amemwahidi roboti ya kumletea miwani hiyo. Ameshaipa na jina: Bibi. Mama mkwe anajifanya hajali, lakini amewaambia majirani wote.

Tukirudi nyumbani binti aliniomba jambo moja. Niweke mikono mfukoni mpaka Jumamosi. Nimekubali. Alisema mikono, hakusema kichwa.

Jumanne, 4 Agosti

Mikono mfukoni tangu asubuhi. Binti na wenzake wawili wanafunga magurudumu. Moja limefungwa kinyume. Niliona. Nikakohoa. Binti akasema, bila hata kugeuka, kwamba kukohoa nako ni kugusa.

Nikatoka kwenda kupeleleza. Kundi la Daktari liko darasa la jirani, mlango umefungwa. Nikabisha, nikasema nimekuja kupima madirisha, nataka kuishonea shule mapazia kama zawadi. Uongo huo ulikuja wenyewe pale pale mlangoni. Wakati mwingine najishangaa.

Roboti yao inaitwa Radi. Ina taa za kila rangi na inakimbia kama imesikia chakula kiko tayari. Daktari amekuja na bisibisi zake kwenye mkoba wa ngozi, zimepangwa kwa kimo, na wala hazigusi. Amekaa anasoma gazeti. Mtu aliyetulia hivyo ana lake jambo.

Aliniona nimesimama mlangoni nayakodolea macho madirisha, akauliza futi kamba yangu iko wapi. Nikamjibu kwamba fundi wa kweli hupima kwa jicho. Akasema yeye na jicho hilo wanafahamiana.

Kutoka nje tu, Mkuu wa Shule huyu hapa. Amesikia kila kitu. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Shule nzima inashukuru, je, mapazia yatakuja lini? Nikausikia mdomo wangu ukisema keshokutwa.

Jumatano, 5 Agosti

Bibi ametembea! Akaufuata mstari kwa adabu mpaka karibu na dirisha, kisha akaacha njia, akaingia chini ya kabati. Wakamtoa, akarudi kabatini.

Mwalimu wa Kambi, dada mmoja anayechomeka penseli kwenye nywele kisha akaitafuta chumba kizima, aliwaeleza watoto kisa ni nini. Roboti ina kihisi chini ya tumbo, na kihisi kinaangalia sakafu. Peusi ni njia, peupe si njia. Jua likipiga sakafuni mstari unafifia, roboti inapotea. Kwa hiyo lazima izoeshwe kwenye mwanga ule ule wa mahali itakaposhindana.

Sikusikia tena alichoendelea kusema. Kichwani kwangu kulikuwa kumekucha. Ukumbi una jua kuanzia asubuhi. Bibi anafanya mazoezi juani. Sasa, je, Radi akifanya mazoezi gizani?

Nikakimbia nyumbani, chumba cha mbele, penye cherehani yangu. Kitambaa kizito cheusi ninacho, kilibaki kwenye kazi ya ukumbi wa sinema. Radi atazoea giza totoro, Jumamosi akutane na jua, kwisha habari yake. Na sitakuwa nimetoa mkono mfukoni, ila kwa kushona.

Nimeshona mpaka jioni nikicheka peke yangu. Mama mkwe akauliza kulikoni, nikasema naipenda kazi yangu. Akanikumbusha gauni lake la rangi ya krimu la kuvaa Jumamosi, akasema yuko tayari kupimwa. Nikamwambia, mama, mimi nakuona kila siku, vipimo vya nini?

Alhamisi, 6 Agosti

Mapazia yametundikwa kwenye darasa la kundi la Daktari. Kiza cha pangoni. Watoto wao walishangilia kwa sababu sasa taa za Radi zinaonekana vizuri zaidi. Daktari alilikunja gazeti, hawezi tena kusoma. Nikafurahi.

Kisha akaja akanishukuru. Akasema haya yamefika chini sawasawa. Nikamtazama usoni nione kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Karibu nimpende, nikajizuia.

Jioni mama mkwe alijaribu gauni. Linaishia juu ya magoti. Akasema, kwa upole wake wote, kwamba kwa umri wake hakutegemea kuanza kuonyesha mapaja hadharani. Mke wangu alikwenda jikoni, na tukamsikia anacheka huko.

Hakuna tatizo. Nimechukua mabaki ya kitambaa cheusi nikaongeza pindo pana chini. Sasa gauni linafagia sakafu. Mama mkwe akauliza kama hakuna cha katikati kati ya magotini na sakafuni. Nikamweleza kwamba huo ndio mtindo wa sasa.

Ijumaa, 7 Agosti

Balaa. Mkuu wa Shule ameyapenda mapazia kupita kiasi. Ameagiza yahamishiwe ukumbini ili wageni wayaone kesho.

Nilimsihi. Nikamwambia ukumbi unahitaji hewa. Nikamwambia rangi nyeusi inaita mbu. Akanipiga piga begani, akasema watu wanyenyekevu kama mimi wamebaki wachache.

Kwa hiyo kesho Radi anashindana kwenye giza lile lile alilolizoea, nililomshonea mimi. Na Bibi? Walimpeleka ukumbini jioni kumjaribu. Alizunguka, akagonga ukuta, akasimama. Kwake sakafu yote imekuwa njia.

Binti aliyatazama mapazia, kisha akanitazama mimi. Aliuliza kwa sauti ndogo wazo la kitambaa cheusi lilikuwa la nani. Nikasema kilikuwa kimebaki tu. Hakulia. Afadhali angelia. Alikwenda kukaa sakafuni na wenzake, kompyuta katikati yao, na hawakuinuka mpaka mlinzi alipokuja na funguo.

Njiani alinieleza walichofanya, maana hawezi kukaa na hasira na habari kwa pamoja. Muda wa kumzoesha Bibi upya vizuri haupo. Wamemrekebisha macho kadiri walivyoweza, halafu wakamfundisha jambo jipya. Asipouona mstari, asikimbie. Asimame, atazame kushoto, atazame kulia, kisha aende taratibu kwenye weusi ulio karibu naye. Alisema wameiga kwa bibi mwenyewe anavyotoka bafuni.

Nimemwonea mwanangu huruma mpaka chakula kikanikwama kooni. Kisha nikanywa maji, kikashuka, nikaongeza.

Jumamosi, 8 Agosti

Ukumbi umejaa. Mama mkwe mbele kabisa, kiti cha pembeni, mkongojo mkononi, pindo jeusi limetandazwa miguuni pake. Mimi nyuma yake, mikono mfukoni.

Jambo ambalo sikuwa nimelitazama: madirisha ya ukumbini ni marefu kuliko ya darasani. Mapazia yaliishia hewani. Jua likapenya kwa chini, likalala sakafuni kama mkeka mweupe, juu ya mstari, karibu na meza ya waamuzi. Daktari aliinama akaninong'oneza kwamba safari hii si kidole tena, ni mkono mzima, anaona naendelea.

Radi akachomoka. Taa zinawaka, watoto wanapiga kelele, sijapata kuona kitu kikikimbia vile. Alipofika kwenye jua akaanza kuzunguka, na kuzunguka, na kuzunguka. Kikombe kikaruka. Mkuu wa Shule akapata maji yote kifuani. Radi akaenda kujibana ukutani, akatulia.

Zamu ya Bibi. Akatoka polepole. Akasita, akatazama huku na huku, akaendelea. Kuna mtu nyuma alipiga miayo. Mifuko yangu ilianza kuchanika kwa ndani. Akafika kwenye jua. Mstari ukapotea. Akasimama. Kushoto. Kulia. Nikamwona binti yangu amejiziba mdomo kwa viganja viwili.

Bibi akageuka. Akaiacha njia, akaenda moja kwa moja kwenye pindo la mama mkwe, akasimama miguuni pake na kikombe chake kimejaa.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nikafumba macho. Basi, skrubu zote, ndani ya boksi.

Nilipofumbua, mama mkwe alikuwa anainuka. Hakuna aliyemsaidia, tulikuwa tumeganda. Alisema haiwezekani mtoto wa watu apotee mbele yake na yeye amekaa. Akamwita mjukuu, akamshika bega, akaanza kwenda. Hatua, mkongojo, hatua, mkongojo. Gauni likiburura pindo jeusi sakafuni, na nyuma ya pindo Bibi, taratibu, kikombe hakitikisiki. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Walivuka lile jua wote watatu. Mama mkwe alipofika mezani aliwasalimia waamuzi, na Bibi akasimama.

Sijui nani alianza kupiga makofi. Mimi sikuweza, mikono ilikuwa mfukoni, na macho yalikuwa yamejaa maji.

Daktari alisimama akasema mtu mzima amesaidia. Mwalimu wa Kambi alichomoa penseli kwenye nywele, akawaza. Kisha akasema sharti linataja mkono, na mkono mmoja wa bibi ulikuwa kwenye mkongojo, mwingine kwenye bega la mjukuu. Ndipo mtoto wa Daktari aliposema kwamba Radi alipopotea alizunguka tu, Bibi alipopotea alijua la kufanya, kwa hiyo mwenye haki ya kwenda nyumbani ni Bibi. Daktari akamtazama mwanawe, akakaa, akacheka. Lazima niseme ukweli, ana meno mazuri.

Binti alinirukia shingoni. Nikatoa mikono mfukoni nikamkumbatia. Sasa ilikuwa ruhusa.

Jumapili, 9 Agosti

Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Bila mapazia mafupi, Radi angefika. Bila gauni fupi, pasingekuwa na pindo jeusi. Ukichunguza vizuri, ushindi wote umetoka kwenye jicho langu. Nilimweleza mke wangu. Akarudi tena jikoni.

Mchana Daktari alipita kumpongeza Bibi. Kabla hajaondoka aliniomba nimshonee mapazia mapya ya chumba cha wagonjwa, akanisihi sana nije nipime kwa futi kamba. Nikasema bila shaka. Madirisha yale nayajua. Alipofika getini nilikuwa nimeshaanza kukata.

Jioni binti aliniruhusu kusaidia kwa mara ya kwanza. Nikate utepe mweusi wa kutoka mezani mpaka kwenye kiti cha bibi yake. Alinipa na futi kamba, nikamrudishia. Nikatazama meza, nikatazama kiti, nikakata, tukabandika. Bibi akaondoka na miwani, taratibu, familia yote imebana pumzi, akafika mwisho wa mstari akasimama. Mama mkwe akanyoosha mkono. Bado kidogo. Upana wa kidole hivi.

Nimekagua kwa kulala kifudifudi. Sakafu yetu nayo imebonyea.