Ombi la Kurudishiwa Mabafu Yetu Mabovu

Mheshimiwa Mlezi wa Wanafunzi,

Kwanza pole kwa kazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekunywa chai na huna hasira na mtu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, hosteli ya wavulana, ghorofa ya tatu, chumba kilicho karibu na ngazi. Wenzangu wananiita Bosi wa Ndoo. Naandika kulalamika, kwa adabu zote nilizolelewa nazo, kwamba ofisi yako imetengeneza mabafu yetu bila kunishirikisha.

Najua umeshtuka. Tulia kidogo nikueleze.

Muhula huu tunasoma Ujasiriamali. Mhadhiri wetu, mtu asiyeweza kukaa kwenye kiti bila kuuliza nani anakiuza, alituambia tuache kulialia. Kila mmoja atafute tatizo linalowasumbua watu wanaomzunguka, aligeuze biashara, naye Alhamisi atapita kuziona biashara zote kwa macho yake, zikiwa hai na zina wateja. Asiye na biashara hana alama, na asiye na alama anarudia mwaka.

Mimi tatizo sikulifuata mbali. Ghorofa yetu ina mabafu matatu, na mawili yalikuwa hayatoi hata tone. Asubuhi foleni ilianzia mlangoni mwa bafu, ikapita vyumba vyote, ikakata kona na kuteremka ngazi. Kwa desturi yetu ndoo ya mtu inamshikia nafasi, ila mwenyewe akitoka tu, ndoo inasukumwa kando kwa mguu na hakuna anayejua mguu wa nani. Basi nikajiajiri kulinda ndoo kwa malipo kidogo. Mteja analala zake, mimi namsogezea ndoo, zamu ikikaribia nambishia hodi taratibu. Wasio na ndoo niliwapokea hata na ndara moja.

Jamani, biashara ilichanganya! Nikamwajiri mwenzangu wa chumbani, bingwa wa usingizi, awe Meneja wa Ndara. Yule mwanafunzi wa sheria wa chumba cha mwisho, anayebishana mpaka na kioo, alikubali masharti yangu bila kugusa hata nukta. Halafu Jumatatu akaja fundi bomba wenu na mkoba wake, anapiga mluzi kama mtu asiye na dhambi, na kabla ya chakula cha mchana mabafu yote matatu yanamwaga maji. Wenzangu walishangilia. Mimi nilikaa juu ya ndoo nikashika tama.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikupewa taarifa. Hata kibanda cha kuuza karanga kikitaka kuvunjwa, mwenyewe hupewa ilani. Mimi habari za kufilisika kwangu nilizipata kwa mtu aliyejifunga taulo, tena anaimba.

2. Meneja wangu hana kazi. Amerudia usingizi, anakoroma mchana kweupe, na mimi nina mtihani wa takwimu.

3. Mama. Hili ndilo linaniuma kuliko yote. Nilimpigia simu kumweleza kazi yangu, naye kwa furaha akawatangazia ndugu wote kwamba mwanawe ana kampuni ya usimamizi wa maji. Mjomba ameshaomba nimpe binamu yangu cheo, na amesisitiza kiwe cheo chenye kiti. Shangazi anawaambia majirani kwamba matawi yanakuja. Sasa nikirudia mwaka nitamwambia nini mama yangu? Kwamba kampuni imeuawa na spana? Sikufichi, Mheshimiwa, nimelia. Nililia bafuni, na nililia mpaka nikatosheka, maana siku hizi hakuna anayegonga mlango kukuharakisha.

4. Hamkuishia kwangu. Mwenzetu wa ghorofa ya chini alikuwa akikodisha tochi kwenye ngazi zenye giza, mkaweka taa. Mwingine alikuwa akiwapeleka wageni kwenye ukumbi wa mihadhara, mkaweka kibao chenye mshale. Mshale, Mheshimiwa! Hauli, haulali, haukatwi alama. Kwa mwendo huu chuo kitabaki bila tatizo hata moja, na sisi mtatufundishia nini ujasiriamali, tukauziane hewa?

Kwa hiyo naomba fundi arudi ayaharibu mabafu mawili kama yalivyokuwa. Kama ana shughuli nyingi, hata moja na nusu linatosha. Niko tayari kumbebea spana. Naomba pia iundwe Kamati ya Kulinda Matatizo, ili kabla ya kukaza bomba lolote watu waulizwe kama kuna mwanafunzi anayelitegemea. Mwisho kabisa, kama haitakuwa usumbufu, naomba na choo cha wafanyakazi kiharibiwe kidogo. Nina mpango wa kufungua tawi.

Nisalimie katibu muhtasi wako, mlinzi wa getini, wapishi wote wa kantini na watoto wako nyumbani. Fundi bomba naye msalimie, lakini isiwe sana.

Ni mimi mtiifu wako, niliyebaki na ndoo tupu,

Bosi wa Ndoo
Mkurugenzi Mkuu (kwa sasa yuko nyumbani)

Baada ya sahihi: Barua hii niliiandika Jumanne nikaileta kwa mkono wangu. Leo ni Alhamisi na bado sijafika mlangoni kwako. Foleni ya wenye malalamiko imepita ofisi ya uhasibu mpaka uani, na hakuna hata benchi. Wawili walionitangulia walitaka kwenda kunywa chai, nikawashikia nafasi. Wakawaambia wengine. Sasa hivi nimezungukwa na mikoba, makoti na mwavuli mmoja, na meneja imebidi aamshwe. Mhadhiri wetu wa Ujasiriamali naye alikuwa nyuma yangu, amekuja kulalamikia feni ya darasa. Ametazama saa, akanikabidhi mkoba wake, akasema ana haraka ya kwenda ghorofa ya tatu kukagua biashara ya mwanafunzi fulani wa ndoo. Nimemwambia asijichoshe na ngazi, biashara yenyewe ndiyo hii imeushika mkoba wake. Amecheka mpaka akashika ukuta, sasa ametoa kalamu. Kwa hiyo, Mheshimiwa, yote niliyoyaandika hapo juu yafute. Mabafu yaacheni, yanapendeza, na Mungu ambariki fundi. Ombi langu limebaki moja tu: chonde chonde, usimwite anayefuata mpaka mhadhiri amalize kuandika.