Matairi ya Mtu Mmoja

Khalfani wa Temeke hakuwahi kuiba kitu maishani mwake, na mtu akimwita mwizi alikuwa anaumia kweli. Yeye aliuza. Kwamba alichouza hakikuwa kile alichosema, hilo aliliona ni suala la lugha tu, na lugha Mungu alimjalia.

Siku hiyo alikuwa Bunju kwa shughuli nyingine iliyokwama, amekaa kwenye baraza la duka la Bi Yumna akinywa soda, ndipo pikipiki ilipoingia. Si bodaboda, jamani. Pikipiki kubwa ya safari, ina masanduku ubavuni na kioo mbele. Akashuka Hilal, mtoto wa mwenye duka, akainama kulitazama tairi la nyuma, akasonya. Kwa Khalfani, msonyo wa mtu mwenye pesa ni mwaliko rasmi.

"Braza," akasema akiinuka, "hilo tairi limefariki. Pole sana."

Hilal akageuka. Aliona shati lililopigwa pasi na suruali yenye mkunjo wa heshima. Chini ya mkunjo huo kulikuwa na ndala, maana kiatu kimoja cha Khalfani kilikuwa kwa fundi na cha pili peke yake hakikuwa na kazi. Lakini macho ya Hilal hayakufika huko chini.

"Limefariki vipi? Bado lina meno."

"Meno hata maiti anayo. Soma hapa ubavuni, hizi namba nne. Mbili za wiki, mbili za mwaka. Hiyo ndiyo tarehe ya kuzaliwa. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, haushiki lami. Unaenda wapi?"

"Tanga, keshokutwa. Harusi ya binamu."

"Na hili? Haya, tutakuombea."

Tusimwonee Khalfani: mpaka hapo alikuwa amesema kweli tupu. Ilikuwa desturi yake kuanza na ukweli, kwa sababu uongo haukai vizuri bila msingi.

"Nimeulizia madukani," Hilal akalalamika. "Bei zao za kuua mtu."

"Madukani unalipia kiyoyozi chao. Mie nina jozi imetoka bandarini, ya safari hasa. Mvua yake, vumbi lake. Nusu bei."

Hilal alikuwa amenunua pikipiki kwa bei ya kiwanja bila kupepesa jicho, lakini matairi yalimuuma rohoni. Aliposikia nusu bei akalainika kama muhogo kwenye nazi.

Jozi hiyo ilikuwa Temeke, kwa Mwinjuma mchongaji. Mwinjuma alikuwa anachukua tairi kipara, anakichoma kisu motoni, analichora mistari mipya mpaka linapendeza kuliko lilivyozaliwa. Likishachorwa hubaki jembamba kama chapati, ila wembamba uko ndani na mteja hutazama nje. Kisha analipaka weusi, na hapo ni kutafuta mtu wa kumuuzia.

Kesho yake matairi yakafungwa kwa fundi pancha aliyekuwa ng'ambo ya barabara, Khalfani akalipwa, na akapata hata nafasi ya kuuza upepo.

"Upepo nao unalipiwa?" Hilal akashangaa.

"Upepo wa huku una chumvi, braza, unakula mpira kwa ndani. Huu ni wa Ujerumani, mkavu."

Hilal akaulipia. Mimi ningekuwepo ningecheka mpaka nikae chini. Lakini mikono ya fundi pancha ilikuwa imesugua weusi ubavuni mwa tairi la nyuma, na kijivu cha uzee kikaanza kuchungulia. Khalfani akaliona, akaingia dukani mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nikupe nini?"

"Rangi ya viatu, nyeusi. Kopo dogo tu."

Bi Yumna akamtazama usoni, akatazama shati, akashuka taratibu mpaka chini. Akampa kopo. Khalfani akatoka, akainama nyuma ya pikipiki kama anayekagua, akapaka.

Haukupita muda Bi Yumna akatoka barazani. Akapitisha kidole kwenye tairi, akakifuta kwenye kona ya khanga yake.

"Yamependeza," akasema. "Sasa wewe, baba, unaitwa nani? Khalfani? Karibu chakula."

Walikula wali wa samaki. Bi Yumna alikuwa mpole sana, na hapo ndipo Khalfani alipopaswa kuogopa.

"Hilal ana wenzake wa klabu, wote wana mapikipiki haya haya," mama akasema akimwongezea mchuzi. "Watakuwepo Tanga. Wote wanataka matairi, na wote vichwa vyao kama cha huyu. Kesho panda nyuma ya Hilal, mwende wote, ukaongee nao."

Hilal akafungua mdomo, mama yake akamtazama, akaufunga. Khalfani yeye hakuona lolote. Alikuwa Tanga tayari, ameshawauzia klabu nzima, pamoja na upepo.

Kisha maneno ya mama yakamrudia. Panda nyuma ya Hilal. Juu ya kazi ya Mwinjuma. Mwendo wa pikipiki ile, kutwa nzima, jua linachemsha lami. Kwa mara ya kwanza aliyaona matairi yale kama matairi, si kama bidhaa, na aliogopa mpaka miguu ikawa baridi ndani ya ndala zake.

"Mie nikipanda basi, si ni sawa tu?" akauliza.

"Wenzake watakuaminije?" Bi Yumna akasema. "Muuza matairi anapanda basi?"

Kukimbia kulikuwa rahisi, barabara ile pale. Lakini klabu nzima! Khalfani akanywa maji, akakohoa, na akili yake ikamletea neno.

"Braza, ishu moja. Haya niliyokufungia ni matairi ya mtu mmoja."

"Matairi ya mtu mmoja?"

"Eeh. Tukiwa wawili yanatakiwa yale ya uzito."

"Siongezi hata senti!"

"Nani kasema uongeze? Ni ofa ya kampuni."

Basi akaenda Kinondoni, kwenye duka lenye kiyoyozi. Alisoma namba nne za ubavuni mara mbili mbili, akabonyeza mpira, akaomba risiti. Pesa yote ya Hilal ikaishia pale, haikutosha, na simu nzuri ya Khalfani mwenyewe ikabaki juu ya kaunta kufidia. Mtaji, alijiambia. Jioni matairi ya kweli yalifungwa, na ya Mwinjuma yakaegemezwa ukutani.

Asubuhi Khalfani alikuwa wa kwanza kufika, mkononi ana kofia ngumu ya kuazima. Hilal akawasha. Mara akatoka Hamdiya, mke wa Hilal, buibui kalikunja vizuri, kofia kichwani, akampita, akapanda nyuma.

"Samahani, shemeji," Khalfani akasema, "hapo ndipo pangu."

"Pako?" Hamdiya akacheka. Pikipiki ikaondoka, ikaishika barabara ya Bagamoyo vizuri kabisa.

Khalfani akamgeukia Bi Yumna. "Mama, na wale wa klabu?"

"Klabu gani? Hilal na ubahili ule nani atakaa naye?"

Khalfani akakaa kwenye ngazi ya baraza. Hakuwahi kutapeliwa maishani mwake, na kumbe inauma hivi.

"Nina mtoto mmoja, Khalfani," Bi Yumna akasema, na sasa sauti haikuwa na upole wa jana. "Ungemuua, yeye na mkewe, na wewe ungekuwa Temeke unakunywa soda. Nikasema ngoja, matairi haya ayaogope mwenyewe kwanza."

Khalfani akainamisha kichwa. Aibu ilimshika, na tuseme kweli, haikuwa imemshika siku nyingi.

"Ulijuaje, mama?"

"Nina umri mzima nyuma ya kaunta hii. Mtu wa ndala akinunua rangi ya viatu, lazima nijiulize anapaka nini."

Khalfani akatazama miguu yake. Bi Yumna akayachukua yale mawili ya Mwinjuma pale ukutani, akamvisha begani, moja huku na moja huku, na shati lililopigwa pasi likapata weusi wake.

"Yapeleke kwa fundi viatu akukatie katambuga za kuvaa," akasema. "Rangi si bado unayo?"

Khalfani akapapasa mfukoni. Kopo lilikuwemo.