Nilivyomuua Kaka Yangu kwa Ajili ya Ngao

Leo nimejianika mwenyewe, mchana kweupe, bila kusukumwa na mtu.

Tuanzie asubuhi. Mnaonijua mnajua nacheza ile gemu ya mtandaoni ya kuwinda majitu. (Ndiyo, nina ndevu. Ndiyo, nina kazi. Tuendelee.) Kikosi chetu ni watu wa Eastlands ya Nairobi watupu: Pipeline, Baba Dogo, Kayole, na mimi wa Donholm. Hatukuwa tumewahi kuonana. Tulijuana kwa majina ya gemu na kwa maandishi tu.

Vikosi vingine hugawana mali kwa bahati nasibu na matusi. Sisi tunagawana kama chama cha akina mama cha kuchangishana, kwa zamu. Jitu likianguka, mali yake ni ya mwenye zamu, na mwenyekiti wetu, anayejiita Jemedari, ndiye anayeiambia gemu zamu ni ya nani. Kuna jambo moja tu linaloruka foleni: mfiwa hutangulia. Memba akifiwa, kinachoangushwa na jitu siku hiyo anapewa yeye, cha kumfuta machozi.

Sasa leo jitu la barafu limeanguka, na limeangusha Ngao ya Radi. Ngao hiyo tumeitafuta tangu kikosi kianze. Gemu ikaiweka yenyewe kwenye mfuko wa mwenye zamu, ambaye ni Kifaranga.

Kifaranga! Huyu ni mchezaji anayetembea polepole, anayepotea njia, anayeuliza kitufe cha kuruka kiko wapi, na anayeandika "asanteni sana" hata tukichapwa. Siku zote nilimhesabu kuwa mtoto wa shule aliyeiba simu ya mamake. Mara nyingi nimemwandikia, "We mtoi, tulia, wakubwa wako job." Na leo ngao kama ile iko mikononi mwake. Roho iliniuma, sitaki kuwadanganya. Kabla akili haijafika, vidole vilikuwa vimeshaandika: "Wadau, leo nimefiwa."

Jemedari akauliza nimefiwa na nani. Nikainua macho kutafuta jibu, na mbele yangu alikuwa anapita kaka yangu mkubwa, Dennis, ambaye naishi naye, taulo kiunoni, akilalamika kwamba nimemaliza maji ya moto. Nikaandika: "Bro yangu. Dennis."

(Hakuwa amenikosea kitu. Alikuwa karibu tu.)

Pole zikamiminika. Jemedari akaamua palepale kwamba ngao ni ya mfiwa. Kifaranga akaandika kuwa amesikitika sana na angenipa mara moja, ila hajui inatolewaje mfukoni. Nikamwelekeza. Hakuelewa. Nikamwelekeza tena kwa herufi kubwa. Ngao haikuja. Hapo nikaamini kabisa kwamba yule mtoto ananichezea shere.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikawaandikia huduma kwa wateja.

Kwanza ilinijibu mashine, ikaniuliza kama nimejaribu kuzima simu na kuiwasha. Nikaandika upya, safari hii nikatia chumvi. Kwamba marehemu alikuwa nguzo ya familia. Kwamba tulicheza gemu hii pamoja tangu utotoni. (Gemu yenyewe ni ya juzi. Utotoni tulikuwa na tairi na fimbo.) Kwamba alikata roho akiitaja ngao ile. Nilipofika kwenye maneno yake ya mwisho, mimi mwenyewe nilipangusa macho.

Hapo akanijibu mtu, jina lake Oliver. Akasema wamesikitika kwa kifo cha Dennis, na kwamba ngao itahamishwa iwapo aliye nayo atakubali. Wamemtumia ujumbe, ni wa kubonyeza tu. Chini ya barua kulikuwa na swali: "Je, tumekusaidia kutatua tatizo lako la kufiwa?" Na nyota za kubonyeza. Sikumpa zote, maana ngao ilikuwa haijafika.

Kitu nilichosahau ni kimoja. Chama hakikupi pole halafu kikae kwao. Chama huja.

Baada ya chakula cha mchana Jemedari akaandika kwamba wako njiani. Nikamwambia wasijisumbue. Akasema msiba si wa mtu mmoja. Nikasema matanga yako nyumbani, Kakamega. Akasema basi watamwona aliyebaki Nairobi. Nikasema kwangu hakuna hata sukari. Akasema wanayo. Na mlango wangu alikuwa anaujua, kwa sababu juzi alinitumia chaja kwa bodaboda mpaka nyumba namba fulani, gorofa fulani. (Mimi ndiye niliyemwelekeza. Kwa umakini mkubwa.)

Nikamwendea Dennis. Nikamwambia aende akanyolewe. Akasema amenyolewa jana. Nikamwambia kuna mechi kubwa pale chini kwa jirani. Akaniuliza kama nina homa. Nikawa namsukuma kistaarabu kuelekea chumbani mlango ulipobishwa, na yeye, mtu wa heshima siku zote, akageuka akaenda kufungua.

Waliingia wameinamisha vichwa. Jemedari, yule anayetuamuru kila siku "songa, chinja, usihurumie", ni mama wa kilemba anayeuza nafaka Pipeline. Anaitwa Mama Shiro. Nyuma yake akafuata mzee wa mvi mwenye mkongojo, amekumbatia mkate na pakiti ya sukari.

"Huyu ni Mzee Wafula," Mama Shiro akasema. "Alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Wewe unamjua kama Kifaranga."

Nilitamani sakafu inimeze. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole, akasema anafurahi sana ninavyomwita mtoi, maana tangu rafiki zake waishe hakuna anayemtania.

Dennis hakuelewa kitu, lakini aliona watu wazima wamebeba sukari na nyuso za huzuni, akajua kuna msiba na kwamba mimi, kama kawaida yangu, sikumwambia. Akawakaribisha. Akaweka chai jikoni. Mama Shiro akasema tuanze na maombi. Tukasimama. Akamwomba Mungu aipokee roho ya kijana aliyeitwa mapema, aliyekuwa nguzo ya nyumba hii, na amtie nguvu mdogo wake asiye na mwingine wa kumtegemea. Dennis akasema amina kwa sauti kutushinda sisi wote.

Tukaketi. Dennis akaleta chai, akaanza kumimina, akauliza kwa upole:

"Samahani, mama. Marehemu hasa ni nani?"

"Si ni ndugu yenu, baba. Dennis."

Kikombe kikajaa, kikamwagika. Dennis akaweka birika chini. Akaniangalia. Mimi nikaliangalia birika.

"Nilikufa saa ngapi?" akaniuliza.

Aliyemjibu ni simu yangu. Ililia pale mezani, karibu na mkono wake, naye akaichukua akasoma kwa sauti yake ile ya kusoma somo kanisani: Kifaranga amekubali, Ngao ya Radi sasa ni yako, tunakupa pole tena kwa kumpoteza Dennis, wako Oliver. Mzee Wafula akasema polepole kwamba mpwa wake alimwonyesha kwa simu pa kubonyeza, akabonyeza pale getini, maana aliona si vizuri kunifikia akiwa bado ameshika kitu changu.

Nikasema ukweli wote. Sikuwa na pa kutorokea, na mlango alikuwa ameukalia Mama Shiro. Hapa sitanii: niliona haya mpaka masikio yakawaka. Ningependa mzee anitukane. Hakunitukana. Aliitazama tu pakiti yake ya sukari, nadhani akijiuliza kama ni adabu kurudi nayo.

Mama Shiro hakuhitaji kikao kirefu. Mimi si mwanakikosi tena mpaka ngao irudi kwa Kifaranga. Zamu zangu zote zimefutwa. Nikauliza kama naweza kujitetea. Akasema waliomletea dukani maharagwe yenye ratili pungufu wangali wanajitetea. Kisha akamwambia Dennis abaki na mkate na sukari, kwa sababu ni vyake, akamshika mkono mzee wakaondoka.

Nikamwandikia Oliver. Nikasema kumetokea makosa, Dennis yu hai, naomba sana ngao irudi ilikotoka. Majibu yakaja upesi mno. Wamefurahi sana kusikia hali ya Dennis imeimarika. Hata hivyo, mali iliyohamishwa kwa sababu ya msiba haiwezi kurudishwa bila uthibitisho. Tafadhali tuma picha ya marehemu akiwa ameshika kitambulisho chake, uso ukionekana vizuri, macho yakiwa wazi.

Basi nimebisha mlango wa chumba chake. Nimemwomba. Nimempigia magoti kwenye korido na jirani ameniona. Nimeahidi kuosha vyombo mpaka Krismasi, na maji ya moto yawe yake peke yake. Nimemweleza kwamba si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya yule mzee.

Amenisikiliza mpaka mwisho, halafu akanijibu kutoka ndani kwamba atamtafuta Mzee Wafula mwenyewe na kumwomba radhi, ila mimi nisahau habari ya picha leo, kwani maiti haipigwi picha na aliyeiua.

Msicheke, tafadhali. Nyumba yenye msiba haichekwi.