Bwana Harusi wa Filamu Ni Mimi

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Nimepata! Mimi, Msabah, muuza kofia wa Mkunazini, hapa Unguja, ndiye bwana harusi wa filamu. Ni hadithi ya kuchekesha, kijana anaoa mwanamke aliyemzidi umri. Mwongozaji, Bi Wafaa, anataka kijana. Nimemwambia nina miaka thelathini. Ninayo arubaini na mbili. Amenitazama ndevu, akaandika jina langu.

Na bibi harusi? Ulfat! Mjane, mpika halua wa mtaa wa Malindi, hamsini kamili. Mwaka wa nne huu nampenda. Kila Ijumaa nanunua halua nisiyoila, na neno langu refu kabisa kwake ni "nusu kilo".

Jumanne, 9 Septemba
Sikulala. Nimepata mpango! Ndoa haina mzaha, wala talaka. Wali, msimamizi wa bibi harusi, akiozesha, mume akikubali, mashahidi wakisikia, basi huyo ni mkeo, hata kama mlikuwa mnacheka.

Kwenye mazoezi ya kwanza leo nimemwambia Bi Wafaa kuwa watu wa hapa wakiona shekhe wa bandia watazomea. Acha nilete wa kweli. Akaniita hazina. Shekhe Hija wa msikitini kwetu sikumtajia filamu. Nimemwambia kuna ndoa Alhamisi na wapiga picha watakuwepo. Siku hizi harusi gani haina kamera? Jina la bwana harusi nimelificha, watu wana fitina. Wali wa filamu atakuwa Zahor, kaka yake Ulfat wa kweli. Huyo ukimpa joho tu, umemaliza.

Jumatano, 10 Septemba
Ndevu zina mvi. Nimezipaka piko, rangi nyeusi ya nywele. Inawasha kidogo.
Inawasha sana!

Alhamisi, 11 Septemba
Balaa! Midomo imevimba kama maandazi. Nimekwenda hivyo hivyo. Bi Wafaa alipiga yowe, akamwita Mundhir, fundi wa taa, kijana wa miaka ishirini na saba, akamvika joho langu. Langu! Nikakazana kusema nimepona. Nikatoa mlio wa ng'ombe.

Shekhe Hija akapanda ghorofani kumuuliza Ulfat kama ameridhia kuolewa na Mundhir. Akashuka na jibu, Ulfat amesema ndiyo. Shahidi mmoja akapungua. Wakanikalisha mimi! Zahor akamshika mkono Mundhir, akaozesha. Mundhir akakubali kwa sauti safi, mjinga yule. Nilipunga mikono, nikalia. Bi Wafaa amesema hajaona mtu anayeigiza kilio kama mimi.

Ijumaa, 12 Septemba
Kumechafuka. Baada ya sala Shekhe Hija alimpongeza Zahor mbele ya watu. Zahor akasema ile ilikuwa filamu. Shekhe akasema yeye hajaigiza katika maisha yake, ameozesha. Mtaa mzima ukaelekea kwa Ulfat. Mimi mbele, midomo imenywea, nikijua atakataa, nami nitakuwepo kumtuliza.

Alikuwa anakoroga halua. Hakuacha mwiko. Alisema yeye ni mtu mzima, ameshaolewa mara moja, swali la ndoa analijua akiulizwa, na hakujibu kwa kukosea. Mundhir alikuwa jikoni humo humo, anachochea moto. Kumbe tangu mazoezi ya kwanza alimwambia waziwazi kuwa anampenda. Siku tatu tu! Mimi nimekaa nalo moyoni miaka minne.

Nimeumia. Sioni haya kuandika, nimeumia hasa. Ulfat akaniuliza kama nachukua ile ile ya kila Ijumaa. Nikaitika kwa kichwa.

Jumapili, 14 Septemba
Nshapata dawa! Asubuhi nimemwendea Bi Wafaa. Nimemwambia watu watataka kujua yaliyofuata, lazima iwepo sehemu ya pili. Ianze na talaka. Mume aitamke kwa maneno kamili, Shekhe Hija amekaa pale, mashahidi wapo. Eda ikiisha, aje mume mwingine, mtu wa makamo mwenye heshima zake. Nimejitolea.

Amelipenda wazo, ila anahofu Mundhir hatakubali kutamka. Nimemwambia aniachie mimi. Alasiri hii nakwenda kwao na kofia mpya ya viua, ile ya kudariziwa kwa mkono, zawadi ya harusi, nimueleze kijana wa watu kwa upole asiwe na wasiwasi wowote, ni filamu tu.