Msitu kwa Baiskeli

Bushiri alipoiona ile baiskeli imeegemezwa mlangoni pa duka la Abdulkarimu, pale Mohoro, aliipenda kabla hajamjua mwenyewe. Alikuwa ametoka Kibiti kwa miguu, na huko nyuma aliacha watu watatu wakimtafuta kwa mambo ambayo hapa hatuyataji, maana kila mtu ana aibu zake. Kuiendesha hakujua. Lakini kwanza uipate, kisha ndipo uanguke.

Abdulkarimu alikuwa mnunuzi wa mpunga, mtu wa dini na wa pishi mbili za kupimia: kubwa ya kununulia, ndogo ya kuuzia. Mtu kama huyo hatapeliwi kwa huruma. Hutapeliwa kwa faida.

"Mzee wangu," alisema Bushiri, "Mwingereza anatandika reli, na mbao za kulalia reli ni za mtiki. Mie ninayo mitiki mia mbili, michanga, huko Ruaruke. Miaka mitano tu waikata. Ningekaa nayo, ila nimeitwa Unguja."

"Wataka nini?"

"Kwa mwingine ningetaka mali. Kwako wewe, hiyo baiskeli tu."

"Nitakuja niione kwanza. Ijumaa, baada ya swala."

Msitu wenyewe haukuwapo. Ruaruke palikuwa na mitiki mikubwa michache ya enzi za Mdachi, na kando yake konde lililopumzishwa. Bushiri alikata matawi, akayachomeka kwa mistari kondeni, yakapendeza. Ijumaa Abdulkarimu hakuja, alikuwa na msiba. Matawi yakanyauka. Bushiri akachomeka mengine, akayamwagilia. Jumatano ikanyesha, njia haikupitika, akachomeka mengine tena. Tapeli yeyote atakwambia kwamba uongo hutaka kumwagiliwa kila siku, ila Bushiri hakujua kuwa ni kwa ndoo.

Siku ya tisa akatokea mwenye konde, Bi Semeni, mjane, jembe begani.

"Shikamoo, mama," Bushiri aliwahi. "N'napanda miti. Serikali yapenda sana miti."

"Marahaba. Matawi hayo yatakufa, mwanangu. Chini ya ile mikubwa miche imejiotea tele. Ing'oe na udongo wake, uchimbe mashimo ya kina cha mkono. Utakula kwangu."

Mjinga mwingine huyu, aliwaza Bushiri, akachukua jembe. Alichimba siku tano. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Kila jioni alikula wali na kisamvu kwa Bi Semeni, na kwa kuwa mdomo wake haukuzoea kupumzika, akamsimulia habari za baiskeli.

"Wajua kuiendesha?"

"Nitajifunza."

Bi Semeni alimwongezea kisamvu.

Hatimaye Abdulkarimu akaja juu ya baiskeli, na Jumbe Mwinyimvua, mkuu wa kijiji, nyuma yake kwa miguu, awe shahidi. Mfanyabiashara alipita mstari kwa mstari. Akang'oa mche mmoja ghafla, akautazama mizizi. Bushiri, ambaye hakuwa mtu wa sala, siku ile alishukuru kwa moyo wote.

"Nimeridhika," alisema Abdulkarimu. "Chukua baiskeli."

Bushiri akanyoosha mkono. Jumbe akakohoa.

"Konde la nani hili?"

"Langu," alisema Bi Semeni, aliyekuwa amewafuata kondeni. "Na miti yangu. Huyu ni kibarua."

"Ati nini?" Bushiri aliruka.

"Basi sema wewe," alisema Jumbe. "Kwetu hapa mgeni huazima konde akalima mpunga, lakini mti hapandi, maana apandaye mti adai ardhi. Kama si kibarua, umekuja kumnyang'anya mjane konde lake. Twende bomani Kibiti ukaeleze. Siku zote hizi umekula chungu cha nani?"

Bushiri aliitazama baiskeli. Akaikumbuka Kibiti.

"Mie ni kibarua wa Bi Semeni," alisema, na ilimuuma kuliko malengelenge.

Abdulkarimu, akiona faida inamponyoka, alimgeukia mjane. "Basi niuzie wewe, bibi, kwa baiskeli hiyo hiyo!"

"Miti tu. Konde langu."

"Miti tu!"

Wakapeana mikono mbele ya shahidi. Abdulkarimu akatabasamu. "Miaka mitano si mingi."

"Mitano?" Jumbe aliitazama ile mikubwa ya Mdachi. "Hiyo ilipandwa nami sijaenda jandoni, na Bwana Misitu asema bado haijakomaa. Mungu akupe umri."

Abdulkarimu, aliyekuwa na miaka hamsini na minane, alirudi Mohoro kwa miguu, viatu mkononi.

Bi Semeni akafunga gunia la mpunga nyuma ya baiskeli. "Kibarua, sukuma. Twaupeleka Kibiti. Huko pishi ni moja."

Njiani Bi Semeni alisimama kusalimiana na mwanamke mmoja. Bushiri akaendelea kusukuma. Mbele yake palikuwa na mteremko, hapakuwa na mtu, na mishikio ilikuwa mikononi mwake mwenyewe. Akapandisha mguu.

Bi Semeni alisikia kishindo. Hakuharakisha. Alimaliza salamu, akauliza na habari za watoto, ndipo akateremka hadi mtaroni.

"Inua, mwanangu," alisema. "Mpunga unalowa."